Juu ya Kuchagua Motokaa Ndogo ya Zamani

Uchache na furaha hazikai nyumba moja kwa desturi. Mtu mwenye fedha kidogo hununua kitu kwa sababu anakihitaji, na mtu mwenye fedha nyingi hununua kitu kwa sababu kinampendeza. Walakini zipo motokaa zilizobuniwa kwa ajili ya mnunuzi wa kwanza ambazo leo hutafutwa na mnunuzi wa pili. Motokaa ndogo zilizouzwa Ulaya na Marekani baina ya mwaka wa 1959 na mwaka wa 1964 zilikusudiwa watu waliohesabu kila galoni ya petroli. Leo hununuliwa na watu wanaotaka kutabasamu wapindapo kona. Badiliko hilo lina sababu zake katika historia, na anayetaka kuchagua moja ya motokaa hizo hafai kuzipuuza.

Sababu ya kwanza ni hii. Mtengenezaji wa motokaa kubwa hujiuliza kiongezwe nini. Mtengenezaji wa motokaa ya bei nafuu hujiuliza kiachwe nini. Kuongeza ni kazi ya mkoba, kupunguza ni kazi ya akili. Kwa hiyo motokaa kubwa za wakati ule zilifanana, ilhali ndogo zilitofautiana kama watu watofautianavyo kwa tabia. Lakini kila kinachopunguzwa hupunguzwa kwa mtu fulani. Pengine mtu huyo ni mnunuzi, pengine mfanyakazi, pengine mwenye kiwanda. Kuijua motokaa ya aina hii ni kujua kilichoachwa na aliyelipa gharama ya kuachwa kwake.

Tarehe 26 Julai 1956 Gamal Abdel Nasser, rais wa Misri, aliufanya Mfereji wa Suez kuwa mali ya taifa. Vita vilivyofuata mwishoni mwa mwaka huo viliufunga mfereji, na mafuta ya petroli yakaadimika Ulaya. Uingereza iliwagawia watu petroli kwa kipimo toka Desemba 1956 hata Mei 1957. Barabarani vikatokea vigari vidogo mithili ya mapovu, vingi vikitoka Ujerumani, baadhi vikiwa na magurudumu matatu na mlango mmoja wa mbele. Leonard Lord, mkuu wa British Motor Corporation, alivichukia. Akamwamuru Alec Issigonis, mhandisi aliyezaliwa Smyrna mwaka wa 1906, abuni motokaa ndogo iliyo motokaa kweli. Alimpa uhuru mkubwa na sharti moja: injini iwe miongoni mwa zile ambazo kampuni ilikuwa nazo tayari.

Sharti hilo ndilo lililozaa ajabu. Injini iliyokuwapo ilikuwa ndefu mno kwa motokaa iliyotakiwa. Issigonis akailaza kwa upana wa gari badala ya urefu wake, akaweka gia chini ya injini ili vyote viwili vitumie mafuta mamoja, na nguvu akaipeleka kwenye magurudumu ya mbele. Magurudumu akayafanya kuwa ya inchi 10, akayasukuma mpaka pembe nne za gari. Mahali pa springi za chuma paliwekwa vipande vya mpira vilivyobuniwa na Alex Moulton. Motokaa iliyotolewa tarehe 26 Agosti 1959, ambayo watu waliizoea kwa jina la Mini, ilikuwa na urefu wa mita 3.05 tu, na watu wazima wanne walikaa ndani. Vioo vya milango havikushuka bali viliteleza mbele na nyuma, na kwa kuwa mlango haukuhitaji kuwa na mashine ya kushushia kioo, pakapatikana mfuko mpana wa kutilia vitu. Mlango wenyewe ulifunguliwa ndani kwa kuvuta uzi wa waya.

Hapana hata kimoja katika hayo kilichofanywa kwa ajili ya mchezo. Issigonis alitafuta nafasi. Lakini gari jepesi, fupi, lenye magurudumu pembeni kabisa na mipira migumu badala ya springi laini, hufuata usukani kama mtoto afuatavyo wito wa mama. Furaha ilikuja bila kualikwa. John Cooper, mjenzi wa magari ya mashindano, aliitambua mapema, na mwaka wa 1961 ilitolewa Mini Cooper, yenye injini ya nguvu zaidi na breki za diski mbele. Mini ilishinda mashindano ya Monte Carlo mwaka wa 1964, 1965 na 1967, ikizipita motokaa zilizoizidi mno kwa ukubwa na kwa bei.

Ni nani basi aliyelipa? Wanunuzi wa kwanza walilipa kidogo, kwa maana maji ya mvua yaliingia katika maungio ya sakafu na kulowesha miguu yao. Lakini mlipaji mkubwa alikuwa kampuni. Mini ya kwanza iliuzwa kwa chini kidogo ya paundi 500 pamoja na kodi. Inasimuliwa kwamba wahandisi wa Ford waliinunua moja, wakaifungua kipande kwa kipande, wakakadiria kwamba kampuni ilipoteza takribani paundi 30 kwa kila gari. Motokaa iliyopendwa kuliko zote nchini ikawa haimtajirishi aliyeitengeneza.

Wafaransa walilijibu swali lile lile kwa tabia nyingine. Pierre Dreyfus, mkuu wa kampuni ya Renault iliyokuwa mali ya serikali, alitaka motokaa iliyo kama suruali ya jinzi: nguo ambayo mkulima na mtu wa mjini huivaa wote bila haya. Renault 4 ilitolewa mwaka wa 1961. Sakafu yake ilikuwa bapa, mlango wake wa nyuma ulifunguka mpana, maji ya kupozea injini yalifungiwa ndani yasidai kuongezwa mara kwa mara, na viungo vyake havikuhitaji kupakwa grisi kila safari. Badala ya springi za kawaida, magurudumu ya nyuma yalishikwa na fito mbili za chuma zinazojisokota. Fito hizo zililala kukingama gari, moja mbele ya nyingine, na kwa hiyo umbali baina ya gurudumu la mbele na la nyuma haukuwa sawa upande wa kulia na upande wa kushoto. Mtu apimaye kwa kamba atadhani gari limepata ajali. Mhandisi aliona kwamba ulinganifu ni pambo, akauacha. Gari hili halikimbii; huinama katika kona kama jahazi katika upepo wa ubavuni, na furaha yake ni ya kwenda kokote. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 8, na nchini Kenya watu waliipa jina la Renault Roho.

Hesabu ya Volkswagen ni nzito zaidi. Adolf Hitler aliwaahidi Wajerumani motokaa ya watu wote kwa marka 990, na Ferdinand Porsche akaibuni. Tangu mwaka wa 1938 mwananchi aliambiwa aweke marka 5 kila juma, abandike stempu katika kijitabu, na kijitabu kikijaa apewe gari. Haba na haba hujaza kibaba, na watu wapatao 336,000 waliiamini hekima hiyo. Lakini vita vilikuja, kiwanda kikatengeneza vyombo vya kijeshi, na katika hao wote hapana hata mmoja aliyepewa motokaa yake. Wako waliolipa zaidi ya hao. Takribani watu 20,000 walifanyizwa kazi katika kiwanda hicho kwa nguvu wakati wa vita, wakiwamo wafungwa wa vita na wafungwa wa kambi za mateso.

Baada ya mwaka wa 1945 kiwanda kilifufuliwa chini ya uangalizi wa jeshi la Uingereza, na meja Ivan Hirst akawa mkono mkubwa wa kazi hiyo. Motokaa ile ile, yenye injini nyuma inayopozwa kwa upepo, ikaanza kuuzwa duniani kote. Wenye vijitabu walikwenda mahakamani. Kesi yao ilichukua zaidi ya miaka 10, na katika mwaka wa 1961 ilimalizika kwa suluhu: aliyekamilisha stempu zake alipunguziwa hadi marka 600 katika bei ya motokaa mpya, au alipewa hadi marka 100 taslimu. Basi Volkswagen ya mwaka wa 1961 si gari la furaha tu. Ni gari la mwaka ambao deni la zamani lilisawazishwa kwa nusu, na walipaji wakubwa wa deni hilo, wale waliofanya kazi chini ya bunduki, walikuwa bado hawajahesabiwa.

Hata hivyo uhodari wake haukanushiki. Kwa kuwa haina radieta, haina maji ya kuchemka. Kwa kuwa tumbo lake ni bapa, huteleza juu ya matope yanayoyanasa magari mengine. Katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki ya mwaka wa 1962, yaliyopita katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika, Tommy Fjastad na Bernhard Schmider walikuwa washindi katika Volkswagen. Aidha ina visa vya kumchekesha mwenye nayo. Mpaka ilipofika mwaka wa 1961 haikuwa na mshale wa kuonyesha petroli iliyobaki. Injini ilipoanza kukohoa dereva alisukuma kiwiko kwa mguu, akapata akiba ya lita chache za kumfikisha kituoni.

Marekani nako kulikuwa na jibu. Chevrolet walitoa Corvair mwishoni mwa mwaka wa 1959, gari lililohesabiwa dogo kwa vipimo vya huko, lenye injini ya silinda sita iliyowekwa nyuma. Uzito ulikuwa nyuma, na ekseli zake zilibembea. Dereva aliyepinda kona kwa kasi aliweza kuona mkia wa gari ukimtangulia. Kampuni ilitegemea upepo wa matairi uzuie hatari hiyo: paundi 15 mbele na 26 nyuma kwa inchi ya mraba. Nani alijali kupima hivyo? Fito ya kupunguza mbembeo iliachwa kwa ajili ya bei, ikawa ya kawaida katika kila gari mwaka wa 1964 tu. Mwaka uliofuata Ralph Nader alitoa kitabu chake cha kuwashitaki watengenezaji wa motokaa, na sura yake ya kwanza ilikuwa juu ya Corvair. Uchunguzi wa serikali uliotolewa mwaka wa 1972 ulisema kwamba gari hilo halikuwa baya kuliko baadhi ya wenzake wa wakati ule. Kauli hiyo iliiondolea Corvair aibu ya upweke, lakini haikuwaondolea wenzake lawama.

Hapo ndipo anayechagua anapopaswa kutua na kufikiri. Mkanda wa usalama wa ncha tatu ulitiwa katika motokaa za Volvo tangu mwaka wa 1959, kazi ya Nils Bohlin. Motokaa hizi za bei nafuu hazikuwa nao, na nyingi zilitoka kiwandani bila mkanda wa aina yoyote. Fimbo ya usukani ilielekea kifua cha dereva. Breki, isipokuwa chache, zilikuwa za ngoma. Taa za Volkswagen zilitumia umeme wa volti 6, ambao usiku haufiki mbali. Tena bati lao jembamba huliwa na kutu: katika Volkswagen huanza sakafuni chini ya betri, iliyofichwa chini ya kiti cha nyuma, katika Mini huanza kwenye kizingiti cha milango na fremu ya nyuma. Rangi mpya huficha kutu, haiiondoi. Mwenye busara hutazama chini ya gari kabla ya kutazama juu yake.

Hukumu basi ni ipi? Atakaye kucheza na kona achague Mini, naye akubali kuinama chini ya boneti mara nyingi. Atakaye kwenda polepole pamoja na mizigo, watoto na mbwa achague Renault. Atakaye gari ambalo fundi wa kila mji analifahamu achague Volkswagen, lakini alichague pamoja na historia yake yote. Atakaye Corvair achague ile ya mwaka wa 1964, iliyopata fito yake. Na kila mmoja wao atie mikanda, akiifunga penye chuma kilichoimarishwa, si penye bati tupu.

Uhaba ulizaa vitu vya namna mbili katika miaka ile. Ulipomnyima mtu pambo, ulimpa kitu chepesi, cha werevu na cha kupendeza. Ulipomnyima mtu usalama au ujira wake, haukuwa uhaba tena bali dhuluma iliyovaa nguo za uhaba. Motokaa ndogo ya zamani huweza kubeba mambo hayo mawili ndani ya mita tatu za bati. Mnunuzi wa leo hawezi kuwarudishia haki zao watu wa jana, lakini kilichoachwa kwa ubahili na kuhatarisha uhai aweza kukirudisha kwa mkono wake mwenyewe, na kilichoachwa kwa akili akakiacha kilivyo.