Nanganga ya Wilaya Gani?

Anayetaja Nanganga bila kutaja wilaya hajamaliza kusema. Kuna kata ya jina hilo Masasi na nyingine Ruangwa, na Ruangwa yenyewe ilipata hadhi ya wilaya mwaka 1995, vijiji vyake vikabadilishiwa ngazi ya juu bila kuhama mahali pake. Fomu za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, zilizojazwa kwa kalamu zahanatini zilibeba hali hiyo vizuri, kwa kuwa juu ya karatasi paliandikwa kituo, wilaya na mkoa. Hoja yangu ni kwamba kompyuta zilipochukua kazi hiyo, kilichostahili kuvuka salama kutoka programu hadi programu ni nasaba hiyo, kuliko jina. DHIS2, mfumo wa kompyuta wa taarifa hizo uliolelewa na Chuo Kikuu cha Oslo na kuenea Tanzania nzima kufikia 2013, umeandikwa kwa Java kwenye seva, ilhali kurasa zinazofunguliwa wilayani zinaendeshwa na JavaScript. Lugha hizo mbili hazibebi ngazi kwa namna moja. Java iliruhusu klasi, yaani kiolezo cha data, ndani ya klasi mwaka 1997, lakini kompaila yake haikuzifungasha pamoja: ilitoa mafaili mbalimbali na kuunganisha majina kwa alama ya dola, mfano Wilaya$Kata. Yaani hata kabla ya kufika kwenye kivinjari, ngazi zilikuwa zimegeuzwa sehemu ya jina. JavaScript nayo ilikaa hadi 2015 bila neno rasmi la klasi.

Wapo watakaosema basi majina marefu yanatosha. Hayatoshi, kwa sababu mpaka ukihama jina zima linakuwa la uongo. DHIS2 ilipata njia bora: kila kituo kina kitambulisho cha herufi na tarakimu 11 kisichobadilika, na nasaba yake ni mfuatano wa vitambulisho hivyo uliotenganishwa kwa mkwaju, kuanzia taifa hadi zahanati. JavaScript inausoma bila kujua chochote kuhusu klasi za Java. Pingamizi lenye uzito ni jingine: kituo kikihamishiwa wilaya mpya, taarifa zake za zamani nazo huhesabiwa huko, na jumla za miaka iliyopita zinageuka. Kituo kina tarehe ya kufunguliwa na ya kufungwa. Uhusiano wake na wilaya hauna. Wanaotengeneza mifumo hii waupe tarehe uhusiano huo, kisha waupeleke pamoja na kituo kila data inapotolewa.