Mkono wa Fundi na Tepu ya Mashine



Mie na miaka yangu 50 na kitu nimerudi darasani. Si chuo kikuu, ni karakana ya jioni hapa Uingereza, tunakofundishwa kuchonga mbao na kufinyanga udongo kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta. Kazi yangu ya kwanza nilichagua ua la yungiyungi, kama yale ya milango yetu ya Unguja. Nikalichora kwenye kompyuta kutoka kwenye picha, nikafunga ubao wa mwaloni, nikabonyeza. Mashine ilipomaliza, petali za upande mmoja zilikuwa safi, za upande wa pili zimechanika, nyuzi zimesimama kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa. Mashine haikukosea, ilifuata nilivyochora. Niliyekosea ni mie, niliyesahau kwamba nyuzi za mbao zina upande wa kukubali na upande wa kukataa. Fundi wa nakshi angeugeuza ubao bila hata kufikiri.

Basi nikajiuliza: hivi elimu hii ya fundi iliachwa wapi njiani? Jawabu limo katika historia ya mashine zenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 kule Marekani zilikuwepo njia mbili. Ya kwanza ilijaribiwa na wahandisi wa General Electric. Fundi anaiendesha mashine kwa mkono wake, miendo yake inanaswa kwenye tepu, kisha tepu inairudia kazi ile ile. Yaani mwalimu wa mashine ni fundi. Njia ya pili ilitoka kwa John Parsons wa Traverse City, Michigan, aliyekuwa akitengeneza mapanga ya helikopta. Yeye na mwenzake Frank Stulen walitumia mashine za kadi za IBM kukokotoa nukta za umbo. Mwaka 1949 Parsons akapata mkataba wa Jeshi la Anga, MIT wakaingizwa, na mwaka 1952 MIT wakaonyesha hadharani mashine ya kukata chuma inayofuata namba zilizotobolewa kwenye tepu. Hapa mwalimu ni mhandisi mwenye hesabu, na fundi amebaki kumtazama mwanafunzi asiyekuwa wake.

Njia ya pili ndiyo iliyoshinda. Mwanahistoria David Noble, katika kitabu chake cha mwaka 1984, Forces of Production, alisema sababu haikuwa ufundi peke yake: wakubwa wa viwanda walitaka madaraka ya kazi yatoke karakanani yahamie ofisini. Wapo waliompinga, na kwa haki, kwani maumbo ya ndege yalihitaji hesabu ambazo mkono usingeziweza. Lakini mie naona hoja yake haijafa. Mashine niliyoitumia ni mjukuu wa ile ya 1952. Inajua namba, haijui mbao.

Udongo nao una kisa chake. Mwaka 2005 Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath alianzisha RepRap, mashine ya kuchapa vitu ambayo michoro yake ilikuwa wazi kwa kila mtu. Kuanzia mwaka 2009 wasanii wa Unfold, mjini Antwerp, wakaigeuza mashine ya aina hiyo itoe udongo badala ya plastiki. Udongo hutoka kama kamba nyembamba, mzunguko juu ya mzunguko, kuanzia kitako hadi mdomo. Kumbe ni njia waijuayo siku nyingi mama zetu wanaofinyanga bila gurudumu! Ila udongo haudanganyiki. Ukiwa majimaji chungu kinakaa chini, ukiwa na hewa kamba inakatika. Tena hunywea ukikauka na ukichomwa. Ukinywea asilimia 10, kikombe cha sentimita 20 lazima ukichore cha sentimita 22 na kidogo. Hapo mashine inarudi kwa mfinyanzi kuomba msaada.

Sasa ndugu zangu, tangu Neil Gershenfeld aanze somo lake la kutengeneza karibu kila kitu, MIT hiyo hiyo, mwaka 1998, mashine hizi zimetoka viwandani na kufika mitaani. Zitafika, na nyingine zimeshafika, kwetu. Vijana watapiga picha milango ya Mji Mkongwe na Lamu, waigeuze namba, wachonge milango mia. Siwalaumu, riziki ni riziki. Ninachoogopa ni kuhifadhi sura ya nakshi huku tukimzika aliyejua kwa nini mfaa ulichongwa vile na ubao ulilazwa vile.

Rai yangu ni ndogo. Popote mashine itakapowekwa, fundi mzee aketi kando yake kama mwalimu, alipwe kama mwalimu, na kijana ashike patasi kabla ya kushika kompyuta. Tusiirudie njia ya 1952 kana kwamba ile nyingine haikuwahi kuwepo.

Ubao wangu uliochanika nimeutundika ukutani. Mwenye la kuongeza au kunikosoa, karibu.

Wabillahi tawfiq.