Wahunzi wa Buhaya na mjomba anayetaka kuacha chaki

Nilikuwa nyumbani Kanazi kwenye kikao cha familia, na ajenda ilikuwa moja tu: mjomba. Ana miaka 48, amefundisha shule ya msingi miaka 23, na sasa anataka kuacha chaki akafuge nyuki. Shangazi alisema bila kupepesa macho: "Umri huo mtu anatafuta pa kupumzikia, hatafuti kazi mpya." Wazee wakaguna kukubali. Mimi niliyekuwa namimina chai nikanyamaza, lakini moyoni nilikuwa na kesi ya kutetea.

Kanazi wengi mnaijua kwa ikulu ya Omukama Kahigi wa Kihanja, yule aliyeshirikiana na Wajerumani. Lakini kabla ya Wajerumani, Buhaya ilikuwa nchi ya chuma. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba Katuruka, na baadaye Kemondo, jirani zetu kabisa, akakuta mabaki ya tanuri za miaka takriban 2000 iliyopita. Chuma cha Buhaya kilikuwa kazi ya heshima, yenye miiko yake na siri zake.

Kisha kazi ile ikafa. Wajerumani waliweka kituo Bukoba mwaka 1890. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, bidhaa za Ulaya zikawa zinavuka ziwa kwa meli, na jembe la dukani likalishinda jembe la mhunzi kwa bei. Kodi nayo ikadaiwa kwa fedha. Fedha ilikuwa wapi? Kwenye kahawa, ile ile buni ambayo mababu walimkaribishia mgeni ili atafune. Waliokuwa wakiyeyusha chuma wakabaki na shamba, na kahawa ikawa ndiyo ada ya shule na bati la nyumba. Hakuna aliyewaita kwenye semina. (Siku hizi ungepewa cheti na soda.)

Sasa sikilizeni hii. Mwaka 1976 Schmidt na mwenzake Donald Avery, mtaalamu wa metali kutoka Brown University, waliwaomba wazee wa Buhaya wajenge tanuri tena. Wazee hao walikuwa wakulima, na chuma walikiyeyusha ujanani, karibu nusu karne nyuma. Wakakusanya udongo wa kichuguu, makaa na nyasi za bwawani, wakavuta mivukuto. Walijaribu zaidi ya mara moja, na chuma kikatoka. Matokeo yalichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Science, na dunia ikashangaa kusikia joto la tanuri lile lilipita nyuzi 1800.

Kwa hiyo aliyebadili kazi hakuitupa ile ya kwanza. Ilikaa mikononi miaka 50 ikisubiri. Nadhani hata mjomba akienda kwa nyuki, ualimu wake hautaibiwa na mtu.

Mtu atanitajia marehemu George Kahama, mtoto wa Karagwe: meneja wa ushirika wa kahawa Bukoba, waziri, balozi Ujerumani Magharibi, mkurugenzi wa mamlaka ya kujenga Dodoma kuanzia 1973, balozi China, waziri tena. Mfano mzuri, ila simpi mjomba. Kila Mzee Kahama alipotoka, kiti kingine kilikuwa kimeshavutwa. Mwalimu wa Kanazi anavutiwa kiti na nani?

Hapo ndipo niliporudi kwa wahunzi. Kuyeyusha chuma ilikuwa kazi ya kiangazi. Mwaka mzima mhunzi alikuwa na kibanja chake: migomba, maharage, mibuni kidogo. Chuma kilipokufa, watoto walikula ndizi. Tukisema tu kwamba walikuwa jasiri tunasahau ile migomba.

Kikao kilipovunjika nilimfuata mjomba barazani nikamsimulia yote haya. Alisikiliza kimya, mikono magotini.

"Hao wazee, kibanja walikuwa nacho kabla?"

"Walikuwa nacho, mjomba."

"Changu mnyauko umekula nusu," akasema. Kisha akaniuliza kama Bukoba mjini najua fundi wa mizinga anayekubali kulipwa kidogo kidogo.