Usalama wa nani? Uzi kuhusu misaada ya nje na maji ya Mwea

Ukitoka Embu kwenda Nairobi lazima upite Mwea. Matatu ikisimama Ngurubani, kina mama wanakuletea pishori hadi dirishani. Tunanunua, tunalala, tunaamkia Thika. Lakini yale mashamba yana jibu la swali ambalo kila kampeni hulipigia kelele bila kulichimba: misaada ya nje inalinda usalama wa nani?

Turudi 1954. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, na Mwea ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Embu (Kirinyaga ilitengwa 1963). Mifereji ya kwanza ilichimbwa na wazuiliwa wa Mau Mau. Kwa mkoloni ule ulikuwa mradi wa usalama, yaani usalama wa serikali yake. Aliyeshika jembe hakuwa kwenye hesabu.

Uhuru ulikuja, ila mkulima akabaki mpangaji. Kuanzia 1966 bodi ya serikali ya unyunyizaji ndiyo ilitoa maji, ikachukua mpunga, ikakata gharama zake, halafu ikakulipa kilichobaki. Ukikosana na meneja, shamba unaweza kulipoteza. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Japani ikaleta msaada wa kuboresha mradi, na kazi ya maana ikafanyika. Hata hivyo, 1998 na 1999 wakulima walikataa kuipelekea bodi mpunga, wakaanza kuuza wenyewe. Polisi wakaletwa. Watu wakafa.

Hebu fikiria hapo. Maji yapo, chakula kipo, wafadhili wapo, na bado mwenye shamba hayuko salama.

Sasa hilo neno "usalama wa binadamu". Lilipata umaarufu 1994, kwenye ripoti ya maendeleo ya UNDP: usalama usipimwe kwa mipaka na bunduki tu, upimwe pia kwa chakula, afya, kipato, mazingira. Japani ililishika kuliko karibu nchi yoyote. 1999 ilifadhili mfuko maalum Umoja wa Mataifa. 2003 ikaandika upya hati yake ya misaada na kuliweka kati ya misingi yake. Mwaka huohuo tume ya Sadako Ogata na Amartya Sen ilitoa ripoti, na Ogata akawa mkuu wa JICA.

Ripoti hiyo ina kitu ambacho wengi huruka. Inasema usalama wa binadamu una pande mbili: kulindwa kutoka juu, na watu wenyewe kupewa uwezo wa kujiamulia. Upande wa kwanza wanasiasa wanaupenda, maana unakatiwa utepe. Wa pili hauna utepe.

Ndiyo maana mjadala wa Bwawa la Thiba huwa unaniudhi kidogo. JICA ilikubali kulifadhili 2010, likazinduliwa 2022. Mmoja anasema "Wajapani wametujengea". Hapana bwana, ni mkopo wa yen, tunalipa sisi. Mwingine anasema ni mtego mtupu. Huyo naye hajawahi kungoja zamu ya maji mwishoni mwa mfereji msimu wa ukame. Mimi naona swali ni nani anapanga zamu hizo, na mkulima akilalamika anasikizwa na nani. Bila hilo, bwawa ni ule upande wa kwanza tu.

Na neno lenyewe halijatulia. 2023 Japani iliandika upya tena hati yake, usalama wa binadamu ukabaki. Lakini Aprili mwaka huohuo ilifungua dirisha lingine, tofauti, la kusaidia majeshi ya nchi rafiki. Usalama wa dola umerudi, sasa wanakaa nyumba moja.

Kama shosho au guka wako alilima Mwea enzi za bodi, muulize 1999 ilikuwaje, kisha uandike hapa chini. Nitayasoma yote.