Mizigo ya Uluguru na Elimu ya Mashine

Historia ya uchukuzi katika nchi ya Morogoro imeandikwa zaidi na watu waliopita chini ya milima. Richard Burton alipofika Zungomero, katika nchi ya Wakutu, mwaka 1857, na Henry Morton Stanley alipopita Simbamwene, mji wenye ngome wa Kisabengo, mwaka 1871, wote wawili waliandika habari za misafara: idadi ya wapagazi, ujira wao, siku za mwendo, na mizigo iliyokaribia frasila mbili kwa kila mtu. Juu yao, katika mabonde ya Uluguru, palikuwa na uchukuzi mwingine, wa ndizi, maharage, kuni na maji, ambao haukuwa na kirangozi wala ujira. Huo hakuna aliyeuhesabu.

Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 katika utawala wa Wadachi, ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Pamoja na reli likaja daftari. Kila gunia lilipimwa, likaandikiwa kituo litokako na kituo liendako. Tangu hapo elimu ya uchukuzi ikawa ni elimu ya vitu vilivyokwisha kufika kituoni. Hata ilipokuja motakaa desturi hiyo haikubadilika: kabeji ya Mgeta, iliyoteremka mlimani juu ya ngata ya mwanamke tangu kabla ya alfajiri, ilianza kuwa mzigo pale tu ilipopakiwa katika lori. Saa zote zilizotangulia hazikuwa na safu ya kuandikiwa.

Mwaka 1955 wastahili kutazamwa kwa makini. Mwaka huo, huko Chicago, ulianza uchunguzi mkubwa wa safari za watu wa mji, ambao ulitumia kompyuta kubashiri mwendo wa magari katika barabara za miaka ijayo. Mwaka huo huo John McCarthy na wenzake walitoa pendekezo la mkutano wa Dartmouth, uliofanyika mwaka 1956, nalo ndilo lililoleta jina la Kiingereza la elimu ambayo leo wengine huiita akili mnemba na wengine akili unde, mashindano ambayo bado hayajaisha. Na katika mwaka huo, huko Matombo, Waluguru walisimama kuyakataa matuta ya ngazi waliyolazimishwa kuchimba na serikali ya kikoloni. Mgogoro huo haukuwa wa uchukuzi, lakini upungufu wake ulikuwa ule ule wa daftari. Wataalamu walipima mteremko na mmomonyoko, wala hawakukosea kwamba udongo ulikuwa ukipotea. Ila siku za kazi za mwanamke na haki ya ukoo juu ya ardhi hazikuingia katika hesabu yao kwa uzito uliostahili. Roland Young na Henry Fosbrooke walieleza habari za ardhi na siasa za Waluguru katika kitabu chao cha mwaka 1960.

Ilipita miaka mingi kabla ya mzigo wa kichwani kupata nafasi katika utafiti. Katika Tanzania hatua kubwa ilikuwa mradi wa Makete, katika nyanda za juu za kusini, ulioanza mwaka 1985. Watafiti waliuliza nyumba kwa nyumba, wakakuta kwamba safari zilizo nyingi ziliishia kijijini na kandokando yake, kwa miguu, kwenda kwenye maji, kuni na mashine ya kusaga, na kwamba sehemu kubwa ya uchukuzi huo ilibebwa na wanawake.

Hapo ndipo ifaapo kuitazama kazi ya Peter Waiganjo Wagacha wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 2006, pamoja na Guy De Pauw na Gilles-Maurice de Schryver, alichapisha utafiti wa kuifundisha mashine kutambua aina za maneno ya Kiswahili kutokana na matini zilizokusanywa. Baadaye alikuwa miongoni mwa viongozi wa kazi ya Digital Matatus, iliyoshirikisha pia wataalamu kutoka Marekani. Wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu, wakaandika kila njia na kila kituo, na mwaka 2014 ikatolewa ramani ya njia zaidi ya 130 za Nairobi. Watu wasiojua huona kazi hizo mbili kuwa ziko mbalimbali. Kwa hakika ni moja: mashine haijui neno lisilokuwamo katika matini, wala haijui njia ambayo hakuna aliyeipita na kuiandika.

Uluguru ni mtihani mgumu kuliko Nairobi. Treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na tiketi zake ni takwimu tayari. Chini ya milima vipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Chuo Kikuu Mzumbe. Lakini mashine ikipewa tiketi hizo pamoja na mienendo ya simu za mjini, itajifunza Morogoro ya Burton, yaani ile ya chini. Kijia cha Mgeta chaweza kupitika wakati wa kiangazi na kukatika wakati wa masika. Hakina kibao, na jina lake ni la Kiluguru, lugha yenye maandishi machache. Mtafiti atakayetaka kukiingiza katika hesabu atalazimika kukipanda nyuma ya mwenye mzigo, naye akubali kufuatwa, kisha amwulize kinaitwaje.