Zawadi ya Msafiri

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Kaeni vizuri. Mwenye daftari na alifungue.

Leo tutazungumza habari ya zawadi ndogo ambazo msafiri huzichukua kwao ili awape watu wa nchi ya mbali. Pengine utasema, "Hilo si jambo la historia, hilo ni jambo la sokoni." Ngoja kwanza. Kabla hatujamaliza, utasikia habari za nahodha mkubwa aliyeaibika mbele ya mfalme kwa sababu ya zawadi zake, na za rais aliyekataa farasi wazuri aliopewa bure.

Lakini nianze na jambo la hapa kwetu. Mama mmoja wa Lalago husoma katika darasa la jioni. Binti yake alipata nafasi ya kwenda kusoma China. Mama akauza mbuzi wawili, akampa binti fedha aende Mwanza kununua zawadi za kuwapa walimu na wenyeji wake huko. Binti akarudi na sahani sita nzuri zenye maua. Mama akaleta moja darasani tuione. Kwa kuwa sasa ajua kusoma, aliigeuza sahani, akaanza kusoma maandishi ya chini, herufi moja moja. Akasoma jina la nchi ilikotengenezwa. Ilikuwa China.

Watu walicheka sana, lakini mama hakucheka. Aliniuliza, "Mwalimu, mimi mtu wa Lalago nina kitu gani cha kumpa mtu wa China?" Siku ile sikuwa na jibu. Somo hili ndilo jibu langu kwake, na kwako wewe ambaye mwanao au nduguyo atasafiri, au ambaye utasafiri mwenyewe.

TWIGA WA MALINDI

Tuanze na China hiyo hiyo. Zaidi ya miaka 600 iliyopita, miji ya pwani yetu ilikuwa ikifanya biashara na nchi za ng'ambo. Sahani na bakuli za China zilifika mpaka Kilwa, na vipande vyake vimechimbuliwa katika magofu ya huko. Basi waona kwamba sahani za China kuja kwetu si jambo jipya.

Je, watu wa pwani waliwapelekea Wachina kitu gani? Mwaka 1415 mji wa Malindi ulimpelekea mfalme wa China, aliyeitwa Yongle, zawadi ya twiga. Katika hadithi za Kichina palikuwa na mnyama wa baraka aitwaye qilin, ambaye husemwa kwamba huonekana wakati wa mfalme mwema. Wachina walipomwona twiga, mrefu, mpole, mwenye madoa mwilini, wengi walisema, "Huyu ndiye." Mjini mwa mfalme ikawa furaha kubwa.

Sasa fikiri, ndugu yangu wa Maswa. Wewe Pori la Akiba la Maswa na Serengeti ni jirani zako. Kwako twiga ni mnyama wa porini, wala humwiti mtu aje kumtazama. Lakini kwa mfalme mwenye hariri na dhahabu, twiga alikuwa tunu. Tunu maana yake ni kitu adimu kinachopendwa sana. Hili ndilo fundisho la kwanza: kitu ulichokizoea nyumbani chaweza kuwa tunu kwa mwenzako, kwa sababu yeye hana.

Lakini usinielewe vibaya. Siku hizi hakuna ruhusa ya mtu kuchukua mnyama wa porini akampeleka kama zawadi. Nitalieleza jambo hilo mbele kidogo.

KOFIA ZA VASCO DA GAMA

Miaka 83 baada ya twiga yule, walifika Wareno. Mkubwa wao alikuwa Vasco da Gama, naye alikuwa akitafuta njia ya kwenda Bara Hindi. Mmoja wa watu wake aliandika habari za safari ile siku kwa siku. Ndiyo sababu twazijua hata leo. Waona faida ya kuandika!

Mwezi wa Machi mwaka 1498 walifika Msumbiji. Vasco da Gama alimpa sultani wa pale kofia, nguo na marijani. Sultani alivitazama vitu vile kwa dharau. Aliuliza kama wanayo nguo nyekundu nzuri ya sufu. Hawakuwa nayo. Wareno walidhani watakutana na watu wasiojua vitu vya thamani. Kumbe sultani alikuwa amezoea nguo nzuri na vitu vya nchi nyingi.

Mwezi wa Aprili wakafika Malindi. Hapo mambo yalikwenda vizuri. Sultani wa Malindi aliwapelekea kondoo sita, pamoja na karafuu, tangawizi, pilipili na viungo vingine. Watu waliokaa merikebuni siku nyingi walihitaji nyama na chakula kizuri kuliko kitu kingine. Twaweza kusema kwamba sultani yule alijua kuchagua. Lakini hakutoa kwa ukarimu tu. Alikuwa na ugomvi na Mombasa, naye alitaka rafiki. Mwishoni aliwapa mtu wa kuwaongoza baharini mpaka Bara Hindi.

Mwezi wa Mei walifika Calicut, mji mkubwa wa biashara. Vasco da Gama akatayarisha zawadi za mfalme: vipande 12 vya nguo ya mistari, kofia nyekundu nne za kufunika kichwa chote, kofia nyingine sita, nyuzi nne za marijani, mabeseni sita ya kunawia, sanduku la sukari, mapipa mawili ya mafuta na mawili ya asali. Watumishi wa mfalme walipoviona walicheka. Walimwambia kwamba hata mfanyabiashara maskini kabisa atokaye Maka huleta zaidi ya hivyo. Kama anataka kumpa mfalme kitu, basi alete dhahabu. Zawadi zile hazikupelekwa kwa mfalme, na tangu siku ile wafanyabiashara wa mji wakamdharau.

Wahenga husema, "Mkono mtupu haulambwi." Lakini mkono wa Vasco da Gama haukuwa mtupu. Ulikuwa na vitu ambavyo mwenyeji alikuwa navyo tayari, tena vizuri kuliko vile. Hili ni fundisho la pili: jua kwanza unamwendea nani, na ana nini. Zile sahani sita za Mwanza zilikuwa na kosa hilo hilo.

FARASI WA SAYYID SAID

Mwaka 1840 Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, alipeleka merikebu yake Marekani. Jina lake lilikuwa Sultana. Mjumbe wake alikuwa Ahmad bin Naaman. Walifika New York tarehe 30 Aprili, na watu wa mji wakaenda bandarini kuwatazama.

Pamoja na mali ya biashara, Sayyid Said alimpelekea Rais wa Marekani, Martin Van Buren, zawadi za kifalme: farasi wawili wa Kiarabu, lulu, mazulia, shali, manukato ya waridi na upanga wenye dhahabu. Hapana aliyeweza kucheka zawadi hizi. Hata hivyo Rais alikataa kuzipokea. Kwa nini? Katiba ya Marekani inamkataza mtu mwenye cheo serikalini kupokea zawadi ya mfalme wa nchi nyingine bila idhini ya Bunge lao.

Mjumbe akawa katika shida. Atarudije kwa bwana wake na zawadi zilizokataliwa? Mwishoni Bunge lilitoa ruhusa zipokelewe kwa niaba ya nchi, na farasi wakauzwa, fedha zikaingia katika hazina ya serikali. Wamarekani nao walilipa heshima kwa heshima. Waliitengeneza vizuri merikebu ya Sultana kabla haijarudi Unguja.

Fundisho la tatu ni hili: zawadi yaweza kuwa nzuri, na sheria ikaikataa. Kukataliwa hakukuwa dharau. Basi uliza desturi na sheria za mwenyeji wako kabla hujafunga mzigo.

USHANGA WA BARABARANI

Sasa tutoke pwani tuje bara. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alikuwa Unguja akijitayarisha kumtafuta Livingstone. Zamani zile msafiri wa bara alichukua nguo, ushanga na nyaya za shaba badala ya fedha. Nguo nyeupe kutoka Marekani iliitwa merikani, na jina hilo wazee walilitumia miaka mingi.

Stanley alidhani ushanga ni ushanga tu. Waliojua njia wakamfundisha. Unyamwezi, kwa majirani zetu, watu walitaka ushanga mwekundu. Ushanga mweusi ulifaa Ugogo, na kwingine haukuwa na thamani yo yote. Ushanga mkubwa ulioitwa sungomaji ulipendwa Ujiji, na kwingine ulikataliwa. Mweupe ulifaa Ufipa, lakini Useguha waliudharau. Mwenye kukosea kuchagua alibebesha wapagazi mzigo usiomfaa mtu. Stanley alinunua magunia 22 ya ushanga wa namna mbalimbali.

Basi kumbuka, babu zetu hawakupokea cho chote walichopewa. Walikuwa na macho ya kuchagua. Anayesema kwamba walidanganywa tu kwa shanga hajasoma vizuri.

Liko neno moja la zamani zile tulitazame. Msafiri alipopita katika nchi ya mtemi, alitoa hongo, yaani malipo ya wazi ya kupita njia. Leo neno hilo hilo maana yake ni rushwa, nayo ni kosa la jinai. Usimpe ofisa wa mpakani au wa forodha kitu ukakiita zawadi. Zawadi hutolewa kwa shukrani na urafiki, si kwa kununua haki.

MAMBO YA SASA

Tumwendee tena yule mama. Kwanza, tujue asichoweza kumpa binti yake. Pembe, meno, ngozi, kucha na manyoya ya wanyama wa porini ni nyara za serikali. Kuwa navyo bila kibali ni kosa kubwa. Uko pia mkataba wa mataifa wa mwaka 1973 unaolinda wanyama na mimea iliyo hatarini, na mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kuzuia biashara ya pembe za ndovu. Mbegu, nyama, matunda na vyakula vingine huweza kuzuiwa kwa sababu ya magonjwa na wadudu. Hata michembe na matobolwa, ambavyo Msukuma aliye ng'ambo huvitamani sana, sharti uulize kwanza kama vinaruhusiwa kuingia katika nchi ile.

Pili, tuangalie kanga. Kanga ni zawadi nzuri sana: ni nyepesi, haivunjiki, tena ni ya kwetu. Lakini kila kanga ina maneno, na maneno mengine ni ya mafumbo na ya kusutana. Asiyejua kusoma huchagua kwa rangi tu. Akimpa mwenyeji wake kanga yenye maneno ya ugomvi, halafu mwenyeji akapata mtu wa kumfasiria, itakuwaje? Ndugu yangu, hapo utaona kwamba kusoma kwako kuna kazi hata dukani.

Mama yule alifanya hivi. Zile sahani alizibakiza nyumbani, nazo hutumika siku za wageni. Alichagua vibuyu vidogo viwili. Bibi yake binti alivitoa mbegu zote, akavisugua, akavikausha, akavipamba kwa ushanga. Akanunua kanga moja, nayo aliisoma mara mbili kabla hajalipa. Akaongeza picha ya jamaa yote wakiwa wamesimama mbele ya nyumba. Binti aliagizwa akawaonyeshe wakaguzi vibuyu vile bila kuficha kitu. Gharama yote haikufika bei ya mbuzi mmoja.

Kisha mama alikaa chini akaandika kwa mkono wake mwenyewe karatasi ya kutia ndani ya mzigo. Aliandika hivi: "Kibuyu hiki ni cha kutilia maziwa. Kimetoka Lalago. Kimepambwa na mama yangu. Karibuni kwetu." Kazi hiyo ilimchukua jioni nzima, na karatasi tatu ziliharibika. Lakini hiyo ilikuwa barua yake ya kwanza, nayo ilikwenda China.

Wahenga walisema, "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Basi jibu la swali lake ni hili. Mtu wa Lalago anacho cha kutoa: kazi ya mikono ya kwao, pamoja na habari yake. Mwenyeji wako aweza kununua sahani dukani kwake, lakini kibuyu cha nyanya yako hawezi kukinunua, wala hawezi kujua kinatumikaje usipomweleza.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini watumishi wa mfalme wa Calicut walicheka zawadi za Vasco da Gama?
2. Rais wa Marekani alizuiwa na nini kupokea farasi wa Sayyid Said?
3. Neno hongo lilikuwa na maana gani zamani? Leo lina maana gani?
4. Chagua kitu kimoja cha nyumbani kwako kinachofaa kuwa zawadi ya ng'ambo. Andika mistari minne ya kukieleza kwa mtu asiyekijua.

Swali la nne msiliache. Andikeni kila mtu kwa mkono wake, kisha mmoja mmoja asome mbele ya wenzake. Kwaherini, mpaka somo lijalo.