Dawa Mujarabu: Historia ya Kuchekecha Maelfu ili Kuipata Moja

Neno mujarabu limetujia kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kitu kilichofanyiwa tajriba, yaani kilichojaribiwa. Siku hizi neno hili limekuwa jepesi katika ndimi za watu. Kila mwenye chupa ya kuuza husema dawa yake ni mujarabu, lakini akiulizwa imejaribiwa na nani, kwa wagonjwa wangapi na kwa muda gani, hana jibu. Katika makala haya tumekusudia kueleza, kwa njia ya historia, kazi inayofanywa kabla dawa moja haijastahiki jina hilo.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa bila kuuteremshia dawa, na katika baadhi ya mapokezi imeongezwa kwamba wapo wanaoijua dawa hiyo na wapo wasioijua. Ndani ya mafundisho haya mna mambo mawili: mgonjwa asikate tamaa, na mwenye uwezo wa kutafuta asikae kitako. Dawa ipo, lakini haikuandikwa jina juu yake. Imefichwa katikati ya vitu vingi visivyofaa, na vingine vyenye sumu.

Masharti ya Ibn Sina

Ibn Sina (370–428 H / 980–1037) aliandika katika kitabu chake Al-Qanun fi al-Tibb masharti saba ya kuijua nguvu ya dawa kwa njia ya tajriba. Dawa iwe safi, haikuingiwa na sifa ya nje kama joto la kupashwa moto. Ijaribiwe kwa ugonjwa mmoja, si kwa magonjwa yaliyochanganyika. Ijaribiwe kwa magonjwa yanayopingana, ili ijulikane inatibu kwa asili yake au kwa bahati. Nguvu yake ilingane na nguvu ya ugonjwa. Wakati wa kuanza kufanya kazi uangaliwe. Matokeo yake yawe ya daima, au ya mara nyingi. Mwisho, ijaribiwe kwa mwili wa binadamu, kwani kinachoonekana kwa simba au farasi si hoja kwa mwanadamu.

Tunajua kwamba Imam Ghazali alimpinga vikali Ibn Sina katika mambo ya falsafa. Hata hivyo, hakuikataa elimu ya tiba, bali aliihesabu miongoni mwa faradhi kifaya: wasipokuwapo wa kuisimamia, jamii nzima inabeba dhambi. Baadaye Ibn al-Baytar wa Malaga, aliyefariki Damascus mwaka 646 H (1248), alikusanya katika kitabu kimoja habari za dawa na vyakula vipatavyo 1,400. Kwa lugha ya leo, hiyo ilikuwa maktaba ya dawa. Kilichobaki ni kupata njia ya kujaribu vitu vingi kwa utaratibu, kimoja baada ya kingine, na kuhifadhi matokeo yote.

Kutoka Sese hadi Frankfurt

Mwanzoni mwa karne ya 20, malale yaliua watu wengi mno kandokando ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1906 daktari Mjerumani Robert Koch alifika kwenye visiwa vya Sese, Uganda, akawatibu wagonjwa kwa atoxyl, dawa yenye aseniki. Vijidudu vilitoweka katika damu, ikadhaniwa kuwa dawa imepatikana. Lakini kutoweka kule hakukudumu, na dozi ilipoongezwa baadhi ya wagonjwa walipofuka macho. Historia ya dawa inapoandikwa, watu wale wasisahauliwe, kwani tajriba ile ilifanyika katika miili yao.

Huko Frankfurt, Paul Ehrlich aliichukua atoxyl hiyo hiyo akajiuliza: je, inawezekana kuibadilisha kidogo kidogo mpaka sumu yake ipungue na manufaa yake yabaki? Yeye na wenzake wakatengeneza mamia ya kemikali zinazofanana, kila moja ikapewa namba na kujaribiwa kwa wanyama. Mwaka 1909 akafika Mjapani Hata Sahachiro, mtaalamu wa kuwaambukiza sungura kaswende. Alipewa kazi ya kuzipima upya hata zile zilizokuwa zimewekwa kando. Namba 606, iliyokuwa imeachwa, ikawaponya sungura. Mwaka 1910 ikaanza kuuzwa kwa jina la Salvarsan, na ilitumika kutibu kaswende mpaka penisilini ilipochukua nafasi yake katika miaka ya 1940. Ehrlich alianza kwa kutafuta dawa ya malale, akajaaliwa dawa ya kaswende.

Sampuli ya 191

Mwaka 1967 China ilianzisha mradi wa siri ulioitwa 523 kutafuta dawa ya malaria, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeanza kuizoea klorokwini. Bibi Tu Youyou na kundi lake mjini Beijing walikusanya maelekezo ya tiba za jadi yapatayo 2,000, wakaandaa sampuli zaidi ya 380 kutokana na mimea ipatayo 200, wakazijaribu kwa panya. Mmea wa qinghao, yaani Artemisia annua, ulionyesha nguvu, kisha matokeo yakabadilika. Akarejea vitabu vya kale, akakuta kwamba Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, aliagiza mmea huo ulowekwe majini na kukamuliwa, hakusema uchemshwe. Akafahamu kwamba huenda moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa. Akatumia etha kwa joto dogo, na mwezi Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikaviua vimelea vyote katika panya. Kabla ya kuwapa wagonjwa, yeye na wenzake wawili waliinywa wenyewe. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Dawa mseto ya malaria tunayoijua Afrika Mashariki imetokana na kazi hiyo. Zanzibar ilianza kutumia dawa za aina hii mwaka 2003, na Tanzania bara mwaka 2006.

Dhana na yakini

Leo kazi ya kuchekecha hufanywa na roboti. Makampuni na vyuo huhifadhi maktaba za kemikali, na sahani moja yaweza kuwa na vishimo 1,536, kila kimoja na jaribio lake. Mwaka 2010 kampuni ya GlaxoSmithKline ilitangaza kwamba ilipima karibu kemikali milioni 2 dhidi ya vimelea vya malaria, na zipatazo 13,500 zikazuia ukuaji wake.

Je, hizo ni dawa 13,500? La hasha. Kuua kimelea ndani ya kishimo si kumponya mgonjwa. Hata moto huua vimelea. Nyingi huanguka mbele kwa sababu zinadhuru ini, au hazifiki kwenye damu, au mwili huziharibu upesi. Msomaji wa elimu ya hadithi hatashangaa. Imepokewa kwamba Imam Bukhari aliteua hadithi za Sahihi yake kutoka riwaya zipatazo 600,000, na riwaya haikukubaliwa kwa kuwa maneno yake yanapendeza. Kadhalika, kemikali iliyovuka chekecheke la kwanza iko katika daraja la dhana tu. Tajriba kwa wanyama, kisha kwa watu wachache, kisha kwa wengi, ndiyo huipandisha kufikia dhana yenye nguvu ambayo mafakihi huruhusu kuifanyia kazi.

Wala kazi haijakwisha. Dalili za vimelea kuanza kuihimili artemisinini zimethibitishwa Rwanda, Uganda na mkoani Kagera, Tanzania. Kwa hiyo kuchekecha kunaendelea, na ni faradhi kifaya ambayo Waislamu wenye vipaji vya sayansi wasiwaachie wengine peke yao.

Ama sisi wengine, tuna amana ya ulimi. Mtume (s.a.w.) amebainisha kwamba anayejitia utabibu bila kujulikana kuwa na elimu hiyo anabeba dhamana ya madhara atakayosababisha. Imamu anayeombwa kuisifu dawa mbele ya waumini baada ya swala, na aulize kwanza: imejaribiwa wapi, kwa nani, na walioshindwa kupona walikuwa wangapi? Asipopata jibu, asiiite mujarabu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.